Bi. Mbodze Mwero na Bahasha ya Siku ya Kwanza

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026, saa kumi na moja jioni, Bi. Mbodze Mwero atalifunga dirisha la kwanza la Duka la Fedha la Mwambao, hapa Diani, kwa mara ya mwisho. Alilifungua Jumatatu, tarehe 5 Juni 1995. Mwenye kuhesabu ataona kwamba imebakia wiki moja tu itimie miaka thelathini na moja. Meneja wetu, Bwana Abdulwahab, alimwomba aimalizie hiyo wiki ili cheti kisomeke vizuri. Bi. Mbodze alimjibu kwamba cheti si noti, hakuna atakayekikataa kwa kuwa kina kasoro.

Mimi ninayeandika ni Christabel wa dirisha la pili. Nimekaa ubavuni pake miaka kumi na minne, na kazi hii nimepewa kwa sababu namjua, na pia kwa sababu wenzangu wote waliikimbia. Wasifu wa mstaafu aghalabu humweleza mtu ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe. Nami nilianza hivyo hivyo. Bi. Mbodze aliusoma mswada wa kwanza, akanirudishia, akasema kwamba nisipoliandika kosa lake la mwaka 2014 hatakuja kwenye sherehe na keki tutaila wenyewe. Kwa kuwa keki imeshalipiwa, nitaliandika.

Alizaliwa upande wa Kinango, binti wa tatu wa Mzee Mwero, mfugaji. Darasa la saba aliongoza katika Jiografia, akatuzwa atlasi. Kwenye ukurasa wa Zambia palikuwa na picha ndogo ya Maporomoko ya Victoria, ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Siku hizo yeye na dada zake walikuwa wakienda mwendo wa saa mbili hadi lambo kuchota maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Anasema aliitazama picha ile akaamini kuwa aliyeichapisha ametia chumvi. Maji mengi kiasi kile, na pembeni hapana hata mtu mmoja mwenye ndoo. Alijiahidi kwamba siku moja atakwenda kuhakikisha kwa macho yake.

Atlasi ile ndiyo aliyokuja nayo kazini mwaka 1995, maduka ya kubadilisha fedha yalipokuwa mapya kabisa nchini na watu wengi wakidhani kwamba kushika dola ni kosa la jinai. Mpaka leo iko kwenye meza yake. Katika kila ukurasa amebandika noti moja ya nchi ile, aliyoinunua kwa mshahara wake mwenyewe. Mteja akisema anakwenda Uturuki, Bi. Mbodze hufungua Uturuki. Mgeni asiyemfahamu angedhani huyu mama ameitembea dunia nzima. Ukweli ni kwamba hajawahi kuvuka hata mpaka wa Lunga Lunga.

Mzee Mwero hakumwachia binti yake mifugo mingi, ila alimwachia kanuni. Ukienda gulioni kununua chumvi, alikuwa akisema, chukua kuku. Ukienda kulipa karo, chukua mbuzi. Ng'ombe na atoke zizini kwa jambo la mahari au ugonjwa. Anayekwenda na ng'ombe kununua chumvi atarudi na ng'ombe wake au atarudi bila ng'ombe, lakini chumvi hataiona. Bi. Mbodze aliihamisha kanuni hii kutoka Kinango hadi Diani bila kuibadilisha hata kidogo. Noti ya dola mia kwake ni ng'ombe. Ya ishirini ni mbuzi. Za dola moja na tano ni kuku, na kuku ndio aliowapenda kuliko wote. Kila mtu katika biashara hii anajua kwamba noti ndogo za dola hununuliwa kwa bei ya chini kuliko kubwa, na kwa hiyo wasafiri wengi huzidharau. Yeye huwaambia kwamba dereva wa teksi katika nchi ya watu hana chenji ya ng'ombe. Wageni wapya waliosubiri kwenye viti vyetu wamewahi kuondoka haraka waliposikia mtu akiambiwa dirishani kwamba atapewa ng'ombe wawili, mbuzi watano na kuku kumi.

Kabla ya kumpa mtu pesa yoyote, humuuliza maswali matatu. Unakwenda wapi? Ukishuka, kitu cha kwanza utakacholipia ni nini? Utarudi lini? Majibu yake ndiyo huamua pesa ya kubeba. Kisha hutoa bahasha tatu. Ya kwanza ni ya siku ya kwanza, nayo huwa na pesa ya nchi ile ile uendako, ndogo ndogo, ikipatikana. Ya pili ni ya dola au yuro kwa siku zinazobakia, kutegemea upepo wa nchi. Ya tatu ina shilingi zetu za Kenya, nauli ya kukutoa uwanja wa ndege hadi mlangoni kwako, kwa maana watu wengi hurudi kutoka ng'ambo wakiwa na zawadi za ukoo mzima na hawana cha kuwafikisha hata Kona ya Musa, hapa jirani.

Swali la pili ndilo alilolithamini zaidi. Alikuwa akitwambia kwamba anayejua atalipia nini kwanza, huyo anasafiri, na asiyejua bado yuko nyumbani, hata akiwa na tiketi mkononi. Kwa swali hilo aliweza kumtambua mtu ambaye hataondoka, kabla mwenyewe hajajitambua. Nawaomba mlikumbuke neno hili, tutalirudia.

Visa vyake ni vingi, na vingine haviandikiki. Nitataja viwili vitatu.

Yuro ilipoingia, mwanzoni mwa mwaka 2002, alikuja Mjerumani mmoja mzee, mwenye nyumba yake hapa Diani, na kopo la marki za kwao alizokuwa ameziweka miaka mingi. Alibadilisha zote isipokuwa moja, na ile moja akawa anaishika na kuiachia, anaishika na kuiachia, macho yamemlowa. Foleni ilifika mlangoni. Bi. Mbodze aliirudisha ile noti upande wake wa dirisha, akamwambia abaki nayo, maana hata pesa ikifa nayo ni ya kuwekewa matanga. Mzee yule alikuja kutuamkia kila Jumatatu mpaka alipofariki.

Mwaka mwingine alikuja mzee kutoka Msambweni, aliyekuwa akienda Hija baada ya kuweka akiba ya pesa za nazi kwa miaka kumi na saba. Alitaka kwenda na shilingi zake zile zile. Dola hakuzitaka kabisa, kwa sababu, alisema, dola za Diani zimepitia kwenye baa na mahali pengine ambapo hakupenda kupataja mbele ya wanawake. Sisi vijana tulianza kumweleza habari za viwango na benki. Bi. Mbodze alitunyamazisha kwa jicho, akamwekea mzee kiti, akafungua droo yake ya chini na kutoa bahasha ya riyali.

"Hizi zilikuja na Hajati wa Gazi aliporudi mwaka jana, baba," alimwambia. "Zimetoka Makka, na zinarudi Makka."

Mzee alisoma dua palepale dirishani. Tangu hapo Bi. Mbodze hununua riyali za mahujaji wanaorudi na kuziweka kando kwa ajili ya wanaokwenda, na watu wa kuanzia Gazi hadi Shimoni hupita benki tatu kuja kwetu. Yeye si Mwislamu, lakini nadhani ana sehemu yake katika dua hizo.

Kuhusu mimi, nilifika mwaka 2012 kutoka Vihiga, na Kiswahili changu kilikuwa cha mbio. Bibi mmoja wa Mkwiro alikuja na yuro alizotumiwa na mwanawe, nikamuuliza kwa haraka ameleta nini nimsaidie. Bi. Mbodze aliinama kuelekea kwangu, akasema kwa sauti ya upole ambayo duka zima liliisikia kwamba dirisha la pili limesahau shikamoo. Nilianza upya, kwa shikamoo, kwa habari za Mkwiro, kwa habari za watoto, ndipo tukafika kwenye pesa. Yule bibi mpaka leo hakubali kuhudumiwa na mtu mwingine. Wiki ile ile nilipokea dola mia ya zamani, ile yenye picha ya kichwa kidogo ambayo nchi nyingi haziitaki. Kwa hilo hakunisema kitu. Aliiweka karibu na mpya, kichwa kidogo na kichwa kikubwa, akaniacha nizitazame mpaka nikaona mwenyewe.

Sasa nifike kwenye lile kosa.

Gerishom ni mpishi wa hoteli jirani, mtu wa kwetu Vihiga, aliyekuja Pwani miaka ya tisini na kukaa. Alikuwa na binti mmoja, Eddah, ambaye alikwenda kufundisha Livingstone, mji ule ulio karibu na maporomoko, akapata mchumba huko. Mwanzoni mwa mwaka 2012 Gerishom alikuja dirishani akiwa amejaa furaha, akasema mwanawe ataolewa na yeye ndiye atakayemshika mkono kumwingiza kanisani. Kwacha ya Zambia ni pesa ambayo huku haionekani hata mara moja kwa mwaka, lakini bahati ilikuwa kwamba wiki ile watalii wawili waliokaa Livingstone walikuwa wametuuzia kiasi. Bi. Mbodze alifurahi kana kwamba ni yeye anayeoza binti. Alizitia noti zile katika bahasha, akaandika juu yake jina la Gerishom na maneno siku ya kwanza, akaifunga kwa gundi, akaiweka kwenye droo ili asije mtu mwingine akazitaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake. Ukimwambia unasafiri, bahasha yako hufungwa siku hiyo hiyo.

Harusi iliahirishwa kwa sababu ya msiba, kisha ikaahirishwa tena. Bahasha ilikaa. Mwaka 2013 Zambia walifuta sifuri tatu kwenye pesa yao, wakatoa noti mpya na kuziondoa za zamani. Bi. Mbodze alijua. Ni yeye aliyetueleza asubuhi moja kabla ya kufungua, akituonyesha picha za noti mpya na kutuonya tusinunue za zamani. Hata mara moja hakuikumbuka ile bahasha iliyofungwa. Pesa zilifia ndani yake, zikiwa na jina la mtu juu.

Agosti 2014 Gerishom alikabidhiwa bahasha zake, ile ya kwanza ikiwa bado na gundi yake ya 2012, akafika Lusaka Ijumaa alasiri. Harusi ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, Livingstone, na basi la mwisho lilikuwa la jioni. Uwanjani alipita madirisha ya kubadilisha fedha bila kugeuka, kwa sababu Bi. Mbodze alikuwa amemfungia ya siku ya kwanza. Alichana bahasha yake ndani ya teksi, mbele ya kituo cha basi. Dereva alicheka kwanza, kisha alipoona mzee mwenyewe hacheki akamweleza kwamba noti zile zilikwisha kufutwa. Katika bahasha ya pili mlikuwa na ng'ombe watupu, dola mia mia, kwa kuwa pesa zake ndogo zote, yaani kuku, zilikuwa zile kwacha za bahasha ya kwanza. Dereva hakuwa na chenji, wauza tiketi hawakutaka dola, na maduka ya fedha ya mjini yalikuwa yakifungwa. Gerishom alimwachia dereva saa yake ya mkononi badala ya nauli, akaanza kuuliza huku na huku. Alipompata mtu wa kumbadilishia, basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Alipanda la asubuhi. Alifika kanisani saa tisa na nusu, wakati watu walipokuwa wakikunja viti. Eddah alikuwa amesubiri saa nzima mlangoni, kisha akaingia akiwa ameshikwa mkono na mwalimu mkuu wake.

Gerishom aliporudi hakuja kugomba. Aliirudisha ile bahasha, akasema ni vizuri dukani wazitazame zile noti, anadhani zimekwisha muda. Kisha akaenda kazini. Bi. Mbodze alizibandika katika atlasi, kwenye ukurasa wa Zambia, juu kabisa ya picha ya maporomoko. Ziko pale hadi leo, nazo ndizo somo la kwanza la kila mfanyakazi mpya. Tangu siku ile hakuna bahasha inayofungwa hapa kabla mteja hajazihesabu noti mwenyewe, na hata kuku hugawanywa katika bahasha zote mbili. Meneja anasema ni utaratibu bora kuliko wote wa duka letu. Mwenye utaratibu hajawahi kufurahia kusikia hivyo.

Mwaka ule ndio aliokuwa apate likizo yake ndefu ya kwenda Zambia. Fomu ilikuwa imeshatiwa sahihi. Aliirarua mbele yangu. Nilipomuuliza sababu alinijibu neno moja ambalo sijalisahau.

"Nimempotezea mtu siku yake," alisema, "halafu mimi niende kutazama maji?"

Kisha kukaja hili jambo la saa. Tangu Gerishom arudi hajavaa saa tena. Kila asubuhi akienda hotelini hupita mlangoni petu, husimama, humuuliza Bi. Mbodze saa ngapi, hujibiwa, huenda zake. Kila asubuhi, mwaka hadi mwaka. Ana simu mfukoni kama sisi sote. Bi. Mbodze alikuwa akimjibu kwa adabu, kisha anazihesabu upya noti alizokwisha kuzihesabu kabla ya kumwita mteja. Kwake lile swali lilikuwa hukumu, tena ya haki. Maji yakimwagika hayazoleki, alikuwa akisema, na mwenye kuyamwaga akubali kuulizwa.

Januari mwaka huu, alipotupa habari kwamba anastaafu, tulichanga. Kila mtu alitoa, hata askari wa mlangoni ambaye amekuwa akigombana naye kuhusu redio tangu 2009. Tulimnunulia tiketi ya ndege ya kwenda Zambia, na tarehe ya safari ni Jumatatu, 8 Juni. Alipopewa alilia, akatushukuru mmoja mmoja, akaitia tiketi katika atlasi. Baada ya hapo hakuitaja tena.

Wiki zikapita. Mimi nilikuwa nikimtazama. Mwanamke huyu, ambaye amewachagulia pesa maelfu ya watu, hakuchagua hata senti yake mwenyewe. Nilimuuliza Machi, akasema bado mapema. Nilimuuliza Aprili, akasema bei ya dola haijatulia. Katikati ya Mei nilimuuliza swali lake la pili, atalipia nini kwanza akishuka, akanijibu kwamba atajua akifika. Kinyozi hajinyoi, lakini hili lilikuwa jambo jingine. Huyu alikuwa mtu asiyekusudia kuondoka, na yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kumtambua. Nilijua kwamba tarehe nane itafika, atapata homa au shughuli Kinango, na tiketi itafia ndani ya atlasi kama zile kwacha.

Nilikwenda hotelini, nikamwomba Gerishom tuzungumze, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akikata vitunguu. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli Bi. Mbodze aliacha kwenda kwa sababu yake. Nikasema ni kweli. Aliweka kisu chini.

Jumanne ya wiki hii, asubuhi, alikuja kama kawaida, akauliza saa ngapi. Bi. Mbodze akamwambia saa nne kasorobo. Safari hii hakwenda zake. Alivua kofia, akapanga foleni nyuma ya Waitaliano wawili, na zamu yake ilipofika aliweka bahasha juu ya kaunta. Ilikuwa wazi, haina gundi.

"Eddah ameileta kwa mkono wa mchungaji wao aliyekuja Mombasa," alisema. "Ni kwacha, noti mpya. Zihesabu mwenyewe, moja moja, utazame na mwaka."

Bi. Mbodze hakuigusa. Nasi madirishani tulikuwa tumeacha kazi, hata meneja alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, na Waitaliano nao hawakuondoka, ingawa hawakuelewa neno. Gerishom aliisogeza ile bahasha chini ya kioo.

"Miaka kumi na miwili nakuuliza saa, Bi. Mbodze, ukadhani nakudai saa yangu. Mimi nilikuwa napita kutazama kama umeondoka."

Alieleza kwamba Eddah ana watoto watatu sasa, na kwamba yeye, Gerishom, amekwishakwenda Livingstone mara mbili tangu hapo na amewashika wote mikono kuwaingiza kanisani kubatizwa. Maporomoko ameyaona mpaka ameyachoka, na nguo zake zililowa zote. Kitu ambacho hakijakaa sawa ni kimoja tu, kwamba mtu aliyemwonyesha picha ya maji yale katika atlasi bado yuko Diani anahesabu fedha za wenzake. Kwa Eddah chumba kimeshaandaliwa. Eddah ameuliza mgeni anakula nini.

Nimefanya kazi na Bi. Mbodze miaka kumi na minne na sijawahi kumwona akiacha dirisha lake wazi. Siku hiyo aliliacha. Alichukua bahasha, akapita mlango wa nyuma, akazunguka nje juani, akaingia kwa mlango wa wateja, akaja kusimama mbele ya dirisha la pili. Alikuwa hajawahi kusimama upande ule tangu 1995. Alionekana mfupi kuliko nilivyomzoea. Mimi, ambaye siku yangu ya kwanza nilisahau shikamoo, safari hii sikusahau.

"Shikamoo, Bi. Mbodze. Unakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda Zambia."

"Ukishuka, kitu cha kwanza utakacholipia ni nini?"

Alizihesabu zile kwacha moja moja juu ya kaunta, akazitazama mwaka, akazirudisha katika bahasha. Gerishom alikuwa amesimama nyuma yake na kofia mkononi.

"Tiketi ya basi," alijibu. "Pale Lusaka, kwenye kituo kile kile. Basi la kwenda Livingstone."

Meneja aliingilia kati, akasema duka linaweza kuongeza kidogo apande ndege hadi Livingstone kwenyewe, kuliko kukaa kwenye basi siku nzima katika umri huu. Bi. Mbodze alimshukuru, akakataa. Alisema ataanzia pale Gerishom aliposimama, apande lile basi, ashuke, na kabla ya maji aende kwanza hadi mlangoni pa lile kanisa, alikosubiri Eddah, na Eddah, aliyepigiwa simu jioni ile, amesema atamngoja papo hapo. Maji yamemsubiri tangu darasa la saba, yatavumilia siku moja zaidi.

Basi nikamchagulia pesa. Ya siku ya kwanza anayo. Katika ya pili nilitia dola za kuku na mbuzi, nikamzidishia kuku, kwa sababu akivuka daraja kwenda kuyatazama maporomoko upande wa Zimbabwe huko dola ndogo ndizo zinazohitajika, na chenji ni ya kutafuta kwa tochi. Ng'ombe nilimpa mmoja tu, wa ugonjwa, na tunaomba arudi naye. Alizikagua zote kwa dakika kumi, akarudisha moja yenye mkunjo. Nilifurahi kuona kwamba amepona.

Bi. Mbodze, duka linakushukuru kwa miaka thelathini na moja kasoro wiki moja. Tunakushukuru kwa riyali zilizorudi kwao, kwa marki ya yule mzee, kwa kila msafiri aliyeshuka nchi ya watu akiwa na cha kulipia kikombe cha chai. Atlasi umeniachia, nami nitaitunza, na zile noti za ukurasa wa Zambia sitazibandua, kama ulivyoagiza. Mimi binafsi nakushukuru kwa kunifundisha kazi na adabu kwa pamoja, na kwa kuniacha niandike kosa lako, jambo ambalo wengi wasio na robo ya mema yako wasingelikubali.

Swali la tatu sikukuuliza siku ile. Nakuuliza hapa, mbele ya wote: utarudi lini? Bahasha yako ya tatu hatutakupa Ijumaa. Ina shilingi za kukutoa uwanja wa ndege wa Moi, kuvuka Likoni kwa feri, hadi kwako, na tumeiacha wazi juu ya kaunta ya dirisha la kwanza. Gerishom amejitolea kuja nayo kukupokea, na ametuomba tumjulishe ndege yako inatua saa ngapi. Amesema mara hii anataka kujua kwa sababu amenunua saa.

Nenda salama, mama yetu. Yaone maji kwa niaba yetu sote, ulowe, kisha urudi utusimulie. Mungu ayafanye maisha yako ya kustaafu kuwa mema, mapana, na yenye chenji ya kutosha.

Christabel, dirisha la pili, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Duka la Fedha la Mwambao, Diani.